Fundi Aliyeosha Beringi

Fundi alikuwa hapendi kuelezwa. Ukifika na gari bovu ukaanza, "Fundi, juzi nilipokuwa natoka Issenye nikasikia…", anainua kiganja kama trafiki. "Usinipe historia, nipe pedeli." Anapanda, anakaa vizuri, anakanyaga klachi, anaachia, anakanyaga tena huku amefumba macho. Akishuka anautaja ugonjwa kwa sauti ya chini, kama vile gari lina aibu na yeye hataki majirani wasikie.

Gereji yake ilikuwa hapa hapa Mugumu, imepakana na kwetu. Katikati kulikuwa na ukuta wa mabati ya zamani yenye matundu ya misumari, na mimi, ambaye ni mtu wa kuogopa watu, nilikuwa napenda matundu yale kuliko mlango. Kwa hiyo mengi ninayoyajua kuhusu Fundi niliyaona kwa jicho moja.

Jina lake silitaji, na hata ningelitaja wachache wangemjua. Mke wake, mama mpole aliyekuwa akipika vitumbua asubuhi, naye alimwita Fundi. Alitoka pwani, sehemu gani hasa sijui. Huku kwetu mtu ukimuuliza fulani ni nani, utatajiwa ukoo wake, ng'ombe wa baba yake, shamba la babu yake. Yeye hakuwa na ukoo huku, wala ng'ombe, wala hata robo eka. Siku moja alimwambia Baba, "Wewe ukiharibikiwa una ndugu zako Robanda, watakupa jembe. Mimi watu wakiacha kuniamini mkono, nimekwisha. Sina kingine." Baba alicheka akamwambia aache maneno. Mimi nilikuwa kwenye tundu langu, sikucheka.

Nitasema sasa hivi, nisijifiche: watu waliacha kumwamini mkono. Na mimi nilijua kosa lilikuwa wapi tangu mwanzo, nikanyamaza.

Lakini nataka kwanza aonekane alivyokuwa.

Kiswahili chake kilitufanya tucheke na kilitutia aibu. Sisi wengine tuna lugha za nyumbani kwanza, Kiswahili tunakiokota shuleni na sokoni. Dereva mmoja wa Kikurya alikuwa akiingia anapiga kelele toka getini, "Wewe mura Fundi, gari yangu imekataa gia!" Fundi, yuko chini ya gari lingine, miguu tu ndiyo inaonekana, anajibu taratibu.

"Kwanza mimi si mura, si kijana, nina wajukuu. Pili, shikamoo iko wapi?"

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Tatu, ni gari langu, limekataa."

"Sasa lako limekataaje na mimi nimekuja kuleta yangu?"

Miguu ikajikunja, halafu sauti toka chini: "Mama Fundi! Niletee maji ya kunywa. Huyu ataniua."

Aliogopa ng'ombe. Huu si utani, aliwaogopa kweli. Jioni kundi likipita barabarani alifunga geti na komeo. Baba, ambaye ni Mwikoma na hajui ng'ombe anaogopwaje, alikuwa hamwachi. "Mswahili, unalala chini ya lichuma kubwa namna hii limeshikwa na jeki moja, halafu unamkimbia ndama?"

"Chuma hakinitazami, bwana. Yule ananitazama."

Alisema hapendi umbea, lakini ukitaka kujua nani kafukuzwa kazi kwenye kambi za watalii, au binti wa nani ameposwa, ulimkuta yeye anajua mapema kuliko mama zetu. Alisema hapendi watoto pia. Mwaka nilioanza kidato cha kwanza, viatu vyangu vya shule vilikatika kamba ya kisigino siku moja kabla ya kwenda bweni. Alivichukua bila kuniuliza, akavipiga ribiti za aina ya kufungia breki, akanirudishia akisema, "Hivi hata ukianguka wewe, vyenyewe vitabaki vimesimama." Nilitaka kusema asante. Niliisema nikiwa nimeshafika nyumbani.

Hilo ndilo tatizo langu. Maneno yangu huja yakiwa yamechelewa, na mara nyingi huja kwenye daftari.

Zaidi ya yote alikuwa msafi, tena usafi wa kupitiliza. Gereji nyingi ukipita unaona udongo mweusi wa oili. Kwake palifagiliwa asubuhi na jioni, na mchanga mpya uliletwa kila mwezi. Alipofungua gari, alitandika turubai la kijani, kila nati na bolti yake ikalala kwa mpangilio ilivyotoka, toka kushoto kwenda kulia, ili kurudisha aanze toka kulia. Ukiruka turubai lake alikuacha. Ukilikanyaga alikutukana kwa ufasaha.

Na aliosha. Alikuwa na karai la bluu, petroli ndani, na mswaki wa kizamani. Hakuna kitu kilichorudi kwenye gari bila kupita kwenye karai lile. Aliosha gia, aliosha skrubu, nimemwona akiosha hata washa, kile kipete cha chini ya nati, ambayo ningeweza kuinunua mpya kwa hela ya pipi. Alikuwa akiongea navyo wakati huo, polepole, kwa maneno ambayo sikuyasikia. Hapo uso wake ulikuwa tofauti kabisa na wa mtu anayewagombeza madereva.

Gari letu lilikuwa la dizeli, la zamani, lile la kuvuta miguu yote minne. Watu waliliita landrova ingawa si landrova. Baba alibebea watu na mizigo toka Mugumu kwenda Robanda na kurudi, wafanyakazi wa kambi, magunia, mbuzi, wakati mwingine mgonjwa. Mwaka juzi kuelekea mwezi wa sita likaanza kulia. Ukikanyaga klachi, mluzi mwembamba. Ukiachia, kimya. Fundi hakuhitaji hata kufumba macho.

"Beringi ya klachi," alimwambia Baba. "Imechoka. Ni kitu kidogo kama bangili, lakini imejificha kati ya injini na giaboksi. Kuifikia lazima nimfungue mgongo wote."

Ilikuwa kazi ya siku mbili. Nilikuwa likizo, nikaangalia karibu yote. Alifungua mashafti ya mbele na ya nyuma, akafungua bolti zinazoshika giaboksi, moja moja, akalishusha juu ya tairi kuukuu kwa kutumia jeki na magogo mawili, peke yake, huku akilitahadharisha, "Taratibu, mama, taratibu." Ile beringi ya zamani ilitoka imepauka, inazunguka kwa kukwaruza kama inasaga mchanga. Alimwekea Baba kiganjani. "Unasikia? Hii ndiyo ilikuwa inakupigia mluzi."

Baba alikuwa amenunua mpya kwenye duka la spea barabarani. Mwenye duka naye alikuwa mtu wa pwani, kijana ukimlinganisha na Fundi, wakiswali msikiti mmoja. Alimwita Fundi "mjomba" na Fundi alimsifu kwa watu kwamba hauzi uchafu.

Fundi akaitoa ile beringi kwenye boksi, inang'aa, akaitumbukiza kwenye karai.

"Na mpya inaoshwa?" Baba aliuliza.

"Mpya ndiyo inaoshwa zaidi. Unajua imeshikwa na nani?"

Akaipiga mswaki hadi petroli ikawa inatokea upande wa pili. Akaipuliza. Akaipaka grisi nje kwa kidole, vizuri, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. Lile boksi akanirushia juu ya ukuta, maana alijua niko pale siku zote. "Binti, weka kalamu zako."

Ndani ya boksi kulikuwa na kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Kiingereza. Nilikisoma chumbani na kamusi, si kwa sababu yoyote ya maana, napenda tu kusoma vitu. Kilisema beringi hii imefungwa. Grisi yake imewekwa kiwandani, ndani, na haiwezi kuongezwa. Kilisema, kwa herufi nene, isioshwe kwa petroli wala mafuta ya taa wala kitu chochote cha kuondoa grisi. Ikioshwa itakufa mapema.

Nilirudia kusoma mara nyingi. Niliwahi kumsikia Fundi akimsimulia Baba kwamba zamani, alipokuwa anajifunza kazi, beringi zilikuwa wazi. Unaiosha, unaijaza grisi kwa kidole mpaka ndani, unairudisha, inakwenda miaka. Spea hazikuwepo, kwa hiyo kuosha ndiyo kulikuwa ufundi wenyewe. Hizi mpya ukizipaka grisi kwa nje haiingii. Zina mfuniko.

Jioni ile nilikwenda getini kwake nikiwa nimekishika kile kikaratasi. Dereva wa kambi moja, mtu aliyesoma chuo, alikuwa pale na simu mkononi, anamwonyesha kitu. "Kitabu cha gari kinasema, Fundi, ukaze kwa kipimo hiki hapa."

"Kitabu chako kimewahi kulala chini ya gari?"

"Fundi, mimi nasema tu kilichoandikwa…"

"Basi kipe spana kikaze."

Watu waliokuwepo walicheka sana. Yule dereva alicheka pia lakini masikio yalimwiva. Fundi akaniona. "Naam, binti? Umetumwa?"

Nikasema nimetumwa kuuliza kama wana chumvi.

Mama Fundi alinipa chumvi. Usiku nikaandika kwenye daftari: Kesho nitamwambia akiwa peke yake. Kurasa tatu mbele nimeandika tena hivyo hivyo. Halafu likizo ikaisha, nikarudi shuleni Issenye.

Baada ya wiki tatu gari lilianza kulia tena. Baba alivumilia hadi Desemba, nikiwa nimerudi likizo, likawa halifichiki. Fundi alikanyaga pedeli, akashuka bila kuutaja ugonjwa, akaenda moja kwa moja kuchukua jeki. Akafungua tena, siku mbili nyingine, kwa nguvu zake mwenyewe bila kutaka malipo. Beringi ilitoka kavu kama mfupa. Akaigeuza, akainusa. "Feki," akasema. "Hizi zinavushwa mpakani Sirari kwenye magunia ya mitumba. Yule kijana wa dukani kapigwa."

Baba akaleta nyingine, duka lile lile, maana mwenye duka alikubali kubadilisha na akaomba radhi. Siku hiyo sikuwa kwenye tundu. Niliingia getini kabisa. Nilisimama kama hatua nne toka kwenye karai. Aliitumbukiza.

"Fundi," nikasema.

"Naam."

Alininyanyulia uso, mswaki mkononi, petroli inamdondokea kwenye vidole. Alikuwa amechoka. Alikuwa anaosha kwa makini kuliko siku zote, kwa sababu safari hii alitaka isiwe na kasoro hata ndogo. Nilijiona, binti wa miaka kumi na sita, nikimwambia mzee kama huyu, mbele ya Baba, kwamba mikono yake ndiyo inayoua beringi. Nikaona haiwezekani.

"Hakuna kitu, Fundi."

"Haya, mama." Akaendelea.

Wakati huo huo gari la kambi moja ya huko Robanda alilolifanyia kazi hiyo hiyo, kwa beringi ya duka lile lile, nalo lilirudi likilia. Maneno yakaanza. Si ya kelele. Mtu anasema tu, "Mzee ameanza kuchoka." Mwingine anasema macho yamekwisha. Kuna aliyesema labda anatia beringi kuukuu na mpya anaiuza, na huyo aliyesema alikuwa ameshakula vitumbua vya bure pale miaka mingi.

Masika yaliyofuata, wiki ya Pasaka, beringi ya pili ilisagika kabisa Baba akiwa njiani Robanda na abiria na magunia. Klachi ikakatalia chini, gia hazitoki, na vile vyuma vilivyosagika vikala mambo mengine ndani. Gari lililala porini siku mbili kwenye tope. Watu walitembea. Walipolivuta na trekta hadi gerejini, Fundi akalishusha giaboksi, akakuta presha pleti, ile sahani inayobana klachi, imeliwa vidole vyote. Baba alitazama tu. Hakugomba. Nafikiri angegomba ingekuwa afadhali. Alisema, "Basi, Fundi. Limetosha," akaingia nyumbani.

Ijumaa ile Fundi, akiamini sasa kwamba kijana wa spea anauza feki kwa makusudi, alikwenda msikitini na beringi tatu mfukoni mwa kanzu: mbili zetu na moja ya kambi. Mimi sikuwepo, lakini mji mzima ulisimulia na wote walisimulia sawa. Alimngoja mwenye duka atoke. Akazitupa miguuni pake. Akamwita mwizi, mbele ya watu waliotoka kuswali, akamwambia amemmaliza mtu ambaye ana mikono tu. Yule kijana akaapa. Akasema, "Mjomba, wallahi mimi nanunua palepale siku zote." Fundi akatema chini, akaondoka.

Hilo lilifanya kazi haraka kuliko beringi mbovu. Kwa Fundi watu walisita, lakini kwa mwenye spea waliacha kabisa, maana hakuna anayetaka kununua breki kwa mwizi. Kufika mwezi wa nane duka likawa saluni. Wengine wanasema amekwenda Mwanza, wengine wanasema amevuka mpaka, hakuna mwenye namba yake. Fundi naye hakudumu. Magari yaliyobaki yalikuwa ya kubadilisha oili. Mwezi wa tisa alifunga gereji akahama, mabati ya ukuta wetu yakauzwa pamoja na turubai na karai, na mimi niliporudi likizo nilikuta naangaliana na kiwanja kitupu. Landrova yetu ilikwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Baba sasa yuko Robanda, amelima, na mahindi yakikaribia kukomaa tembo wanakuja kuyachagua kabla yake.

Watu wote hao, na kikaratasi kilikuwa kwangu.

Mwezi uliopita nilitumwa kwa shangazi yangu Tarime, anakaa Nkende. Nilikuwa napita kwenye nyumba moja ya wageni nikaona mlinzi getini amekaa kwenye kiti cha plastiki, amevaa koti kubwa la bluu na filimbi shingoni. Nilipita. Nikarudi. Amepungua sana, na kucha zake zimekuwa nyeupe. Sikuwahi kuziona nyeupe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba." Alinitazama muda. "Ah! Binti wa tundu." Akacheka kidogo. "Baba yako anasemaje?"

"Yuko Robanda."

"Na mama yako?"

"Hajambo. Mama Fundi je?"

"Nimemrudisha kwa binti yake, pwani. Huku ningemlisha nini?" Akasema bila kulalamika, kama anasoma tangazo.

Nikamwambia. Sijui ilitokea wapi, labda kwa sababu hapakuwa na mtu, na yeye hakuwa tena mtu wa kuogopwa, jambo ambalo linanitia aibu kuliko yote. Nilimwambia yote bila kupumua: kikaratasi, petroli, grisi ya ndani, mfuniko. Nilifikiri, na nimefikiri hivyo kwa mwaka mzima, kwamba siku nikimwambia atapata nafuu. Atajua kwamba hakuchoka, macho yalikuwa sawa, masikio yalikuwa sawa. Ni kitu kimoja tu hakuwa ameambiwa.

Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Ulisoma lini?"

"Ile ya kwanza. Siku ile ile."

Aliitikia kwa kichwa, bila hasira. Kama fundi anayepokea jibu alilolitegemea.

"Kwa hiyo zilikuwa nzima," akasema.

"Ndiyo."

"Zote tatu."

"Ndiyo, Fundi."

"Basi yule kijana hakuniuzia kitu kibovu."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Nilikuwa nimefikiria jina lake, gari la Baba, mimi mwenyewe. Yule kijana sikuwa nimemfikiria hata kidogo.

"Nilimwita mwizi nje ya msikiti," Fundi akasema. "Alikuwa ananiita mjomba. Yuko wapi sasa?"

"Hakuna anayejua."

Gari la wageni lilifika likapiga honi. Akainuka, akafungua geti, akapiga saluti ndogo, akafunga, akarudi kukaa. Yote kwa mpangilio.

"Unajua, binti, mimi huku nimeishi kwa kitu kimoja. Kila swala nimemshitaki yule kijana kwa Mungu. Tano kwa siku. Sijaacha hata moja. Nikasema, Mola, huyu kanidhulumu, nilipie." Akaivuta kamba ya filimbi. "Nilikuwa nalala vizuri."

Nilianza kusema samahani. Akainua kiganja, kama zamani.

Alasiri ikaadhiniwa, msikiti si mbali na pale. Muuza duka wa jirani, mwenye kofia, alipita akamwita, "Mzee, twende, nitamwambia dada wa mapokezi akuangalizie geti." Fundi hakuinuka. Akamwambia atangulie.

"Nenda kwa shangazi yako," akaniambia. "Na baba yako usimwambie. Mimi alishazoea kunilaumu. Wewe ni mtoto wake."

"Wewe huendi kuswali, Fundi?"

Alitazama upande wa msikiti mpaka adhana ikaisha.

"Nitakwenda. Ngoja kwanza. Sijui leo nikifika pale naanza na kusema nini."

Nilimwacha amekaa. Nilipofika kona niligeuka, nikabaki pale nikingoja ainuke; bado amekaa, mikono juu ya magoti, na wanaume waliokwenda kuswali walikuwa wameshaanza kurudi.